Sikio Lililofunga Kwaresima

Baba mkwe wangu alikuwa na sikio moja tu la kazi. La kulia lilikufa angali mtoto, kwa ugonjwa ambao kwao upande wa Bukavu uliitwa homa kwa kuwa hakuna aliyekuwa na jina lingine la kuupa. Lilibaki pale kushikilia mkono wa miwani, na mwenyewe aliliita sikio la picha. La kushoto lilibeba kazi ya yote mawili, na liliibeba kwa ukali ambao kwaya nzima ya parokia yetu ya Murara iliujua.

Alikuwa karani hadi alipostaafu, lakini mtaani hakuna aliyemwita karani. Alikuwa maestro. Hakuwa na kinanda cha kumpa sauti ya kuanzia. Aliitoa kichwani mwake, akaiimba, nasi tukaifuata. Noti iliyokosewa aliweza kuivumilia. Kitu alichokichukia ni herufi s. Nasi katika kuimba tunazo nyingi: Yesu, sifa, msalaba, Sanctus. S ni upepo mtupu, alisema, na kama vinywa vyote haviufungi kwa wakati mmoja, kanisa linalia kama tairi la pikipiki lililokanyaga msumari. Wenye kosa walikuwa daima sauti ya kwanza, akina mama waliosimama mkono wake wa kushoto. Alisimamisha wimbo, akainamisha kichwa, akauliza kwa upole wa kutisha:

"Nani anavuja kule?"

Na alimjua. Alimwonyesha kwa kidole, hata akiwa safu ya nyuma.

Mimi ni mwalimu wa biolojia katika shule ya sekondari, mtu wa Butembo niliyeolewa katika familia yao mtaani Katindo, na naimba sauti ya pili. Kwa hiyo nilikuwepo siku ya kwanza ambayo sauti ya kwanza walivuja, tena walivuja vibaya, na maestro akaendelea kupunga mikono huku akitabasamu.

Ilikuwa katikati ya Kwaresima. Tulipotoka, kiongozi wa sauti ya kwanza, mama mnene mchangamfu anayeuza vitenge sokoni, alinishika mkono akaniambia kwamba sala zao zimejibiwa. Muzee ametubu. Alikuwa amekusudia kuacha sukari katika Kwaresima hii, kumbe ameacha hasira. Wenzake walikubali. Mmoja alisema hata alimwona akiyumba wakati wa wimbo wa mwisho na kushika mimbari ya kusomea, bila shaka kwa kuguswa na Roho.

Mimi sikuona Roho. Niliona mtu mwenye kizunguzungu, mwenye pamba sikioni.

Pamba hiyo nilikuwa naijua. Juma moja kabla yake baba mkwe alishikwa na mafua, kisha sikio la kushoto likamuuma hata akashindwa kutafuna. Asubuhi moja maumivu yalikatika ghafla, na mto wake ukawa umelowa usaha. Nyumbani tulishangilia. Maumivu yamekwisha, uchafu umetoka, nini tena? Nami nilishangilia, na ninafundisha masikio kila mwaka.

Dada yake, shangazi yetu, alikuja kutoka mji mdogo wa Kiwanja mara tu aliposikia. Alikuja na maharagwe, kuku mmoja aliyechoka safari, na kichupa cha matone ya sikio kilichobaki alipomtibu mjukuu wake. Kwetu huendi kuangalia mgonjwa mikono mitupu, na kilichokuletewa unakitumia mbele ya aliyekileta. Kukiweka kabatini ni kumwambia humwamini. Kwa hiyo baba mkwe alilala ubavu, na dada yake akamtilia. Aliendelea kumtilia asubuhi na jioni, na kwa kuwa alikuwa mtu wa kumaliza kazi, aliongezea maji ya kitunguu.

Jioni ile nilipotoka mazoezini nilimwambia mama mkwe wangu kwamba nataka kuliangalia sikio la papa, yaani baba mkwe. Hapo tukapata shida. Mume wangu alikuwa Beni kwa biashara. Mama mkwe haoni vizuri kwa karibu. Na mimi ni mke wa mtoto. Katika familia ile, mke wa mtoto hashiki kichwa cha baba mkwe wala hamsogelei usoni. Tulikaa, sisi watatu, tukiliheshimu sikio kwa mbali. Kisha mama mkwe akainuka, akaleta kitenge, akamfunika mumewe kichwa kizima mpaka mabegani, akavuta upande mmoja hadi likatokeza sikio peke yake.

"Sasa haiko tena papa," aliniambia. "Ni sikio tu. Angalia."

Kutoka ndani ya kitenge sauti ilisema kwamba inasikia joto, tuharakishe.

Niliwasha taa ya simu. Usaha ulikuwepo bado. Nilimuuliza maswali. Ngoma za kanisani anazisikia? Vizuri kabisa. Sauti ya nne, wale akina baba? Vizuri. Je, leo sauti ya kwanza walivuja? Kitenge kilisema leo waliimba kama malaika, hata alishangaa.

Hapo ndipo niliposema kesho twende hospitali.

Nikueleze, maana si jambo gumu. Sikio ni nyumba ya vyumba vitatu. Cha kwanza ni ujia wa nje, ule tunaouchokoa kwa vijiti ingawa tumekatazwa. Mwisho wake kuna kiwambo, ngozi nyembamba iliyotandazwa kama ya ngoma. Nyuma ya kiwambo ni chumba cha kati, chenye hewa na vijifupa vitatu. Mafua yakipanda, hapa ndipo usaha unapojaa, na ukizidi unatoboa kiwambo na kutoka nje. Kutoboka huko si msiba, mara nyingi hujifunga. Lakini wakati tundu liko wazi, chochote unachotia nje kinaingia chumba cha kati. Na ukutani mwa chumba hicho kuna kidirisha cha mviringo, kidogo kuliko punje ya mchele, kilichofunikwa na utando mwembamba. Ng'ambo ya utando ni chumba cha tatu, sikio la ndani, lililojaa maji na kujizungusha kama nyumba ya konokono. Humo ndimo kusikia kwenyewe kulimo, na kando yake kipo kile kinachotuzuia tusianguke.

Sasa, sauti nyembamba kuliko zote, kama upepo wa s, husikilizwa mlangoni mwa konokono, karibu kabisa na kidirisha. Nzito husikilizwa ndani zaidi. Kwa hiyo kinachovuja kidirishani humfikia kwanza aliyekaa mlangoni. Sikio lililozibwa na usaha tu lingemfifishia maestro karibu kila kitu, kama redio iliyowekewa mto juu. Yeye alisikia ngoma na akina baba. Alichopoteza ni s. Na alikuwa na kizunguzungu. Kitu kilikuwa kimepita dirishani, katika sikio pekee alilokuwa nalo.

Kesho yake tulikwenda hospitali, kwa daktari wa masikio. Baba mkwe alipanda pikipiki nyuma ya dereva, akafumba macho, na kila tulipogonga jiwe la volkano alitoa noti ili ajue juu ni wapi.

Daktari alikuwa kijana mwenye maneno machache. Alichungulia kwa chombo chake, akasema kiwambo kina tundu, chumba cha kati kimevimba. Kisha akauliza ni kitu gani kilitiwa humo. Baba mkwe, kwa kumfichia dada yake aibu, alijibu kwamba hakuna, labda hewa.

Daktari alivuta pumzi karibu na sikio.

"Papa, hii hewa yenu iko na kitunguu."

Nilifungua mkoba nikatoa kile kichupa. Alikisoma, akakigeuza, akakisoma tena, akakiweka mbali kama mtu anayemwondolea mtoto kisu bila kumtisha. Alisema ni dawa nzuri kwa ugonjwa wa ujia wa nje, kama kiwambo ni kizima. Kikiwa na tundu, aina hii ikifika chumba cha ndani inaweza kuua usikivu, na ulioondoka kwa njia hiyo haurudi. Nilimuuliza ni nini hasa kilichopita, dawa au sumu za vijidudu vyenyewe, maana hata hizo hupenya dirisha lililovimba. Alisema huenda vyote viwili, na kwamba ameheshimu swali. Tulikuja mapema. Aliondoa usaha, akatoa vidonge na matone mengine yasiyo na madhara kwa sikio la ndani, akatuonya: pakauke, na kisiingie kitu kingine chochote. Mashine ya kupimia usikivu ilikuwa kwenye matengenezo. Tungerudi baada ya Pasaka. Je, s itarudi? Hakuahidi.

Njiani baba mkwe hakutoa noti yoyote. Tulipofika alisema tu kwamba maestro asiyesikia wanaovuja ni mtu anayepunga mikono, na mikono hata mti unayo. Hatamwongoza mtu yeyote kwa kubahatisha. Kama Jumatano ya Juma Kuu, kwenye mazoezi ya mwisho, hatasikia, atakabidhi kwaya.

Kazi yangu ikawa kulinda tundu. Ungedhani ni rahisi. Habari zilikuwa zimefika Murara, na kwaya ilianza kuja, kila mtu na chake. Mafuta ya mawese ya moto kidogo. Majani ya kukamua yaliyofungwa ndani ya jani la mgomba. Mama mmoja wa sauti ya pili, mwenye mtoto mchanga, alisema kwao tiba ya sikio ni maziwa ya mama, na yeye anayo ya kutosha, muzee ageuke tu upande. Baba mkwe aligeuka upande mwingine kabisa, akatazama ukuta mpaka mama yule alipoondoka.

Alishindwa kukataa. Adabu yake ilikuwa kubwa kuliko hofu yake. Kwa hiyo mimi nikaamua kueleza, maana naamini mtu akieleweshwa vizuri ataelewa. Niliomba beseni na kitenge kipya cha wax, ile aina ngumu inayong'aa, ambacho hakijafuliwa. Mama mkwe alitoa alichokuwa amekitunza kwa Pasaka, kwa uso wa mtu anayetoa ng'ombe. Nilikikaza juu ya beseni mbele ya wageni, nikadondosha tone la maji. Likakaa juu kama shanga. Hilo, niliwaambia, ni dirisha zima: hupitisha kidogo sana, polepole. Nikakifua, nikakikaza tena kikiwa kimelowa. Tone likazama papo hapo. Hilo ni dirisha lililovimba siku za kwanza, nyuzi zake zimelegea, linapitisha hata visivyostahili. Kisha nikakikunja mara kadhaa, nikakipaka uji wa muhogo mpaka kikakakamaa. Tone likabaki juu. Hilo ni dirisha lililovimba muda mrefu. Limekuwa nene, na sasa hata dawa inayotakiwa ipite haipiti. Kwa hiyo tone lile lile, kwa sikio lile lile, leo ni jingi mno na baadaye si kitu. Mimi na wewe kwa macho hatujui tuko siku gani. Ndiyo maana hatutii.

Waliniangalia kwa heshima kubwa. Kiongozi wa sauti ya kwanza, ambaye vitenge ndiyo kazi yake, alikigusa kile cha uji kwa huzuni, akasema ameelewa kabisa, hajawahi kuelewa sikio namna ile. Shangazi naye alisema ameelewa. Kisha akafungua kifuniko cha maji yake ya kitunguu.

"Umeeleza muzuri sana, mwalimu. Sasa tumutilie hii kidogo tu, ni ya Kiwanja, haina kemikali."

Nilikaa chini. Aliyetuokoa ni mama mkwe, ambaye muda wote alikuwa anasugua uji kwenye kitenge chake. Hakuinua hata kichwa.

"Sikio iko inafunga," alisema. "Ni Kwaresima. Haili, hainywi, mpaka Pasaka."

Shangazi alirudisha kifuniko.

Hiyo walielewa bila beseni. Mtu akikuambia anafunga, humsukumii sahani. Mafuta ya mawese yalienda jikoni tukayapikia sombe, yaani kisamvu, majani yakaenda kwa mbuzi wa jirani, na wageni wakaanza kuuliza habari za sikio kama unavyouliza za mtu mwenye nia: linaendeleaje, linavumilia? Nilijisikia kama mwalimu aliyepitwa, na nilikuwa na furaha isiyo na kipimo. Shida ilitokea mara moja tu, Jumapili iliyofuata, shangazi aliporudi kutoka misa ya kwanza na hoja: Jumapili si siku ya kufunga, hata padri anakula nyama. Mama mkwe alikubali mara moja. Alisema ndiyo sababu siku ya Mungu sikio nalo linapewa matone ya daktari. Kwamba lilipewa hayo hayo Jumamosi na Ijumaa hakuna aliyeuliza.

Kizunguzungu kilikwisha kwanza. Usaha ukakauka. Lakini kwa s hatukuwa na njia ya kujua, kwa kuwa baba mkwe alikataa kupimwa nyumbani. Nilijaribu kumnong'oneza, akaniambia mke wa mtoto asimnong'oneze baba mkwe. Alikaa barazani akisikiliza mtaa bila kusema anasikia nini.

Siku moja baada ya mazoezi, ambayo msaidizi wa maestro aliongoza, kiongozi wa sauti ya kwanza aliniuliza ukweli. Nikamwambia: upole ule haukuwa toba, na Jumatano muzee anaweza kuacha kwaya. Nadhani alihesabu miaka yote aliyoonyeshwa kidole, na akaona kwamba anaweza kuipata iliyobaki kwa amani, bila kufanya lolote. Kisha akasema, "Hapana. Bora atutukane." Akawarudisha wenzake ndani na kufunga mlango. Sikujua wanafanya nini humo, nilidhani wanasali.

Jumatano baba mkwe alikuja amevaa koti. Alisimama mahali pake, akatoa pamba, akaiweka mfukoni. Akatoa noti ya kuanzia, ikawa safi. Tukaanza wimbo wa mkesha wa Pasaka, ule uliojaa Yesu kila mstari.

Tuliimba mpaka mwisho bila kusimamishwa. Alipunga mkono wa mwisho, ukabaki hewani. Uso wake ulikuwa wa majivu. Alitafuta kiti kwa mkono, akakaa, akavua miwani.

"Imeisha," alisema. "Hakuna s hata moja. Sisikie kitu. Mutafute mutu mwingine."

Mimi mwenyewe macho yalinijaa. Kisha nikaona kwamba sauti ya kwanza wanatazamana kwa namna ya wanafunzi walioiba mtihani, na kiongozi wao amejishika mdomo.

Hawakuwa wakisali. Walikuwa wamefanya mazoezi ya s. Kila siku, mlango umefungwa, walikuwa wakijifunza kuifupisha mpaka karibu isisikike na kuifunga kwa pamoja kwa kutazama kidole cha kiongozi wao, ili kama muzee hasikii, pasiwe na kitu cha kusikia, na mtu yeyote asijue, hata yeye mwenyewe, aendelee kuwaongoza mpaka atakapochoka. Walikuwa wamefaulu. Baada ya miaka yote ile walikuwa wameimba kama alivyotaka, na yeye akadhani amekuwa kiziwi.

"Maestro," alisema kiongozi, akaeleza yote, akijikwaa, huku wenzake wakiangalia sakafu.

Baba mkwe alisikiliza. Hakucheka wala hakukasirika. Alisema ni maneno mazuri ya kumfariji mzee, na anawashukuru.

Kiongozi alikata tamaa ya maneno. Aliwageukia wenzake, akawapa ishara, na sauti ya kwanza wakarudia mstari wa kwanza, peke yao. Safari hii kila mmoja aliachilia Yesu wake alipotaka. S moja ilitangulia, mbili zikafuata, na ya mwisho, kutoka safu ya nyuma, ilikaa hewani muda mrefu ikitafuta pa kutokea.

Kichwa cha baba mkwe kiliinama upande. Alikaa hivyo, bila miwani.

"Ya nyuma," alisema polepole. "Mwenye kilemba cha kijani. Na yule kando yake."

Walikuwa wao. Mwenye kilemba cha kijani alianza kulia na kupiga makofi kwa wakati mmoja. Mashine, tulipoifikia baada ya Pasaka, ilisema kwamba juu kabisa, mahali ambapo hakuna mwimbaji anayefika, kipande kidogo hakikurudi na huenda kisirudi. Lakini pale kanisani hatukuijua habari hiyo, na nadhani hata tungeijua isingetushughulisha. Baba mkwe alivaa miwani, akainuka, akajipangusa koti.

"Rudieni," alisema.

Kiongozi aliuliza, warudie ile ya kufunga vizuri, au ile ya kuvuja?

"Ile ya kuvuja."

"Lakini maestro, tuko tunakosea."

"Najua munakosea," alisema, akisogea karibu nao na sikio la kushoto mbele. "Rudieni tu, bamama. Polepole."